Mashahidi wa Chini ya Mawe: Historia ya Kupima Afya ya Kijito

Swali la iwapo kijito ni kizima au kigonjwa huonekana jepesi mpaka litakapodaiwa ushahidi. Maji yaliyochotwa kwenye chupa na kupelekwa maabara huweza kuonyesha kiasi cha oksijeni iliyoyeyuka, chumvi au sumu iliyokuwamo saa ile yalipochotwa, lakini hayasemi lolote kuhusu usiku uliotangulia, wakati kiwanda kilipofungulia maji yake machafu, wala kuhusu mvua ya wiki iliyopita iliyoshusha udongo wa mashamba mtoni. Viumbe wanaoishi chini ya mawe hawana njia ya kuukwepa usiku huo. Mdudu ambaye maisha yake ya majini huchukua miezi kadhaa, na wengine mwaka mzima, hupitiwa na kila kitu kilichopita katika mkondo wake, hivyo kuwapo kwake au kutoweka kwake ni kumbukumbu ya mambo ambayo chupa haikuyaona. Kwa msingi huo wataalamu wa ekolojia, yaani elimu ya mahusiano baina ya viumbehai na mazingira yao, wamejenga kwa zaidi ya karne moja utaratibu wa kuupima mto kwa kuwahesabu wakazi wake na kuifupisha hesabu hiyo katika fahirisi, ambayo ni namba moja inayokusanya maana ya vipimo vingi. Historia ya utaratibu huo, tangu Ulaya hadi milima ya Usambara na Mlima Kenya, hufichua jambo ambalo watumiaji wa fahirisi mara nyingi hulisahau: kila kipimo cha afya ya mto kilizaliwa kwenye mito ya mahali fulani, kikasukumwa na hofu ya watu wa mahali hapo, na kikihamishwa bila kuwajua viumbe wa kule kinakopelekwa, hutoa hukumu isiyo ya haki.

Hofu ya kwanza ilikuwa kipindupindu. Mwaka 1850, muda mfupi baada ya ugonjwa huo kuua maelfu ya wakazi wa London, daktari Arthur Hill Hassall alichapisha uchunguzi wake wa maji yaliyokuwa yakiuzwa na makampuni ya mji huo, akionyesha kwa michoro ya hadubini viumbe wadogo waliojaa ndani yake. Miaka michache baadaye mtaalamu wa mimea Ferdinand Cohn, katika mji wa Breslau ambao leo ni Wrocław nchini Poland, alifuata njia hiyo hiyo katika visima vya mji wake, naye akaona kwamba aina za viumbe waliomo hutofautiana kulingana na kiasi cha uozo ulio ndani ya maji. Wote wawili waliandika kabla haijathibitishwa kwamba magonjwa huletwa na vijidudu, na kwa hiyo hawakuwa wakimtafuta msababishi wa ugonjwa. Walikuwa wakiwatumia viumbe wasio na hatia kama dalili ya uchafu ambao jicho halikuuona. Wazo hilo ndilo mzizi wa yote yaliyofuata.

Wazo likawa utaratibu kamili mjini Berlin. Mwaka 1901 serikali ya Prussia ilifungua huko taasisi ya kuchunguza maji ya kunywa na uondoaji wa maji taka, na ndimo Rudolf Kolkwitz na Maximilian Marsson walimofanyia kazi iliyowapa nafasi ya kudumu katika taaluma hii. Mwaka 1902 walitangaza kanuni za kuyahukumu maji kwa mimea na wanyama wake, kisha mwaka 1908 wakatoa orodha ya mimea na mwaka 1909 orodha ya wanyama, mamia ya spishi kwa jumla, kila moja ikiwekwa katika daraja la uozo inaouvumilia. Waliuita mfumo wao kwa neno lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kilichooza, na katika Kiswahili unaweza kuitwa mfumo wa saprobi.

Ili kuielewa kazi yao ni lazima kufuata kinachotokea pale mfereji wa maji taka unapoingia mtoni. Bakteria hukutana na chakula kingi ghafla, huzaana kwa kasi, na katika kula hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini mpaka inakaribia kwisha. Katika sehemu hiyo, ambayo Kolkwitz na Marsson waliiita ya polisaprobi, maana yake yenye uozo mwingi, hubaki viumbe wachache wanaoweza kuishi karibu bila hewa: nyuzi za kijivu za bakteria zinazofanana na pamba iliyolowa na kushikamana na kila jiwe, pamoja na minyoo myembamba myekundu inayotikisa mikia yake juu ya tope. Maji yakiendelea kuteremka, chakula hupungua na hewa huingia tena kutoka juu. Hapo hufuata eneo la kati, walilolitaja kuwa la mesosaprobi na kuligawa mara mbili, ambamo funza wekundu wa visubi wasiouma, ruba na konokono hujitokeza kwa wingi, mwani nao ukianza kurudi. Mwishoni, kilomita nyingi chini ya mfereji, huwa eneo la oligosaprobi, lenye uozo kidogo, ambako wadudu wanaohitaji maji ya baridi yenye hewa tele huonekana tena. Mto kwa hiyo hujitakasa wenyewe, lakini hujitakasa kwa kupita ngazi zilizo katika mpangilio maalumu, na anayewatambua viumbe wa kila ngazi huweza kusimama mahali popote ukingoni na kukadiria uchafu umefika wapi.

Mfumo huo ulikuwa na nguvu kubwa na upungufu mmoja mkubwa. Nguvu yake ilikuwa kwamba uliunganisha viumbe wengi katika maelezo ya tukio moja. Upungufu wake ulikuwa kwamba ulijua ugonjwa wa aina moja tu, yaani uozo wa maji taka ya miji, kwa kuwa ndio uliokuwa ukiitesa mito ya Ujerumani. Zebaki, asidi ya machimbo, au udongo unaofukia nafasi zilizo kati ya mawe haviachi ngazi za namna ile. Hata hivyo ulienea sana katika Ulaya ya kati. Hans Liebmann aliusahihisha mwaka 1951 na kuupa rangi za ramani, na mwaka 1955 Pantle na Buck waliugeuza kuwa hesabu kwa kuipa kila spishi thamani yake na kuizidisha kwa wingi wake, hatua iliyokuwa mwanzo wa kuuandika mto mzima kwa namba moja.

Waingereza walishika njia nyingine, na athari yake bado inaonekana katika kila maabara ya maji ya Afrika Mashariki. Tume ya Kifalme ya Maji Taka, iliyofanya kazi kuanzia mwaka 1898 hadi 1915, iliamua katika ripoti yake ya 8, ya mwaka 1912, kwamba uchafu upimwe kwa kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu vya majini hukitumia ndani ya chupa iliyofungwa kwa siku 5, katika nyuzi 65 za Farenhaiti, takriban nyuzi 18 za Selsiasi. Kipimo hiki huitwa mahitaji ya oksijeni ya kibiolojia. Tume ilikadiria kwamba mto wenye mahitaji ya zaidi ya miligramu 4 kwa lita ulikuwa hatarini, na kwa kudhani kwamba maji taka yaliyosafishwa yangechanganyika na maji ya mto safi yenye ujazo mara 8 zaidi yake, ikaruhusu maji hayo yawe na mahitaji ya miligramu 20 na chembe zinazoelea miligramu 30. Maelezo ambayo hutolewa mara nyingi kuhusu zile siku 5 ni kwamba hakuna mto wa Uingereza ambao maji yake huchukua muda mrefu zaidi ya huo kufika baharini. Ndani ya chupa hiyo, kwa maneno mengine, umo urefu wa mito ya kisiwa kimoja, ubaridi wake, na mvua zake zinazonyesha mwaka mzima. Katika kijito cha tropiki ambacho kiangazi hukiacha na maji yanayofunika vifundo vya miguu tu, ujazo wa mara 8 haupo. Tena maji ya nyuzi 30 za Selsiasi hubeba oksijeni isiyozidi miligramu 7.6 kwa lita, ilhali ya nyuzi 10 hubeba zaidi ya 11, hivyo mzigo ule ule wa uchafu hukikuta kijito cha joto kikiwa na akiba ndogo zaidi. Kanuni hizo zilipokelewa katika makoloni kama kwamba ni sheria za maumbile, na huu ni mfano wa wazi wa kipimo kilichosafiri bila hati yake ya kuzaliwa.

Nchini Marekani somo lilitoka kwenye mto mmoja. Januari 1900 mji wa Chicago ulifungua mfereji uliougeuza mkondo wa mto wake, ili maji taka yasiingie tena katika Ziwa Michigan ambamo wakazi walichota maji ya kunywa, na badala yake yaelekee Mto Illinois. Stephen Forbes na Robert Richardson walifuatilia matokeo yake, na mwaka 1913 walichapisha maelezo ya mto uliogawanyika katika maeneo ya uchafu yanayokaribiana na ngazi za Berlin. Richardson aliendelea mpaka miaka ya 1920, akionyesha jinsi wanyama wa sakafu ya mto walivyobadilika kadiri uchafu ulivyosonga mbele. Baadaye, mwaka 1948, Ruth Patrick wa Chuo cha Sayansi za Maumbile cha Philadelphia aliongoza jopo la wataalamu wa bakteria, mwani, wadudu na samaki katika vijito vya bonde la Conestoga, Pennsylvania. Hoja yake ilikuwa tofauti na ya Wajerumani: hakutafuta kiumbe mmoja wa kutoa ushahidi, bali alitazama jamii nzima, akidai kwamba kijito kizima huwa na spishi nyingi zenye idadi ya wastani kila moja, na kinapougua, spishi nyingi hutoweka huku chache zilizobaki zikifurika. Patrick, aliyefariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 105, aliishi kuona hoja hiyo ikiwa mazoea ya kawaida.

Kwa kazi ya kila siku, hata hivyo, jopo la wataalamu ni anasa, na mtumishi wa mamlaka ya mto aliyetakiwa kukagua mamia ya vituo kwa mwaka hakuweza kutambua kila spishi. Jibu la tatizo hilo lilitoka katika bonde la Mto Trent, unaopokea maji ya Birmingham na miji mingine ya viwanda katikati mwa Uingereza. Mwaka 1964 F. S. Woodiwiss, mwanabiolojia wa Bodi ya Mto Trent, alieleza jedwali lililohitaji kutambua makundi ya wanyama tu, likitoa alama kuanzia 0 hadi 10. Juu kabisa ya jedwali walikaa tunutu wa oda ya Plekoptera, wadudu wachanga wenye mikia miwili ambao hutambaa juu ya mawe penye maji ya kasi na ambao ndio wa kwanza kufa oksijeni inapopungua. Chini yao walifuata wa Efemeroptera, ambao wakishaota mabawa huishi saa au siku chache tu, kisha wa Trikoptera, wengi wao wakijijengea vijumba vya mchanga na vipande vya majani. Mwisho wakabaki minyoo na funza wekundu. Mkaguzi alianza juu, akashuka mpaka kwenye kundi la kwanza alilolipata, akahesabu idadi ya makundi yote, na alama ikapatikana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kikundi cha kitaifa kililipanua wazo hilo kwa kuipa kila familia ya wanyama alama kuanzia 1 hadi 10, na hatua ya maana zaidi ikafuata: jumla iligawanywa kwa idadi ya familia, ili kituo chenye mawe mengi na wanyama wengi kisionekane kizima kwa sababu tu ya wingi wao. Watafiti wa maabara ya mito huko Dorset walikwenda mbali zaidi, wakatengeneza programu ya kukadiria ni familia zipi zingetarajiwa mahali fulani kulingana na mwinuko, mteremko na aina ya sakafu, kisha kulinganisha matarajio hayo na waliopatikana. Kwa kukadiria hivyo, walikiri rasmi kwamba afya haina sura moja kwa mito yote.

Mchango wa sheria unafaa kutajwa hapa kwa ufupi. Sheria ya Maji Safi ya Marekani ya mwaka 1972 ilitaka kulindwa kwa ukamilifu wa kikemikali, wa kimaumbile na wa kibiolojia wa maji ya nchi, na neno hilo la tatu lilikaa bila kipimo mpaka James Karr alipopendekeza, mwaka 1981, fahirisi ya samaki yenye vigezo 12, kila kimoja kikipewa alama 1, 3 au 5. Umoja wa Ulaya nao, kwa maagizo yake ya mwaka 2000, uliwalazimisha wanachama wake kuupima mto kwa umbali wake kutoka hali ya asili ya mito ya aina yake.

Wakati nadharia hizi zikiandikwa, viumbe wa vijito vya Afrika Mashariki walikuwa wakichunguzwa kwa sababu nyingine kabisa. Samaki aina ya trauti waliletwa katika vijito vya nyanda za juu za Kenya mwaka 1905 kwa ajili ya burudani ya walowezi, na ili kujua kama wangeshiba, watafiti walilazimika kujua wadudu waliomo. Sababu ya pili ilikuwa usubi, ugonjwa wa minyoo inayoishi chini ya ngozi na kuyaharibu macho mpaka kuyapofusha, unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa jenasi Simulium, ambao hutaga mayai kwenye maji yanayokimbia. Katika magharibi mwa Kenya mwenezaji alikuwa Simulium neavei, na kwa miaka mingi mabuu yake hayakuonekana popote: watafiti walipekua mawe, majani na vijiti bila kupata hata buu moja, ingawa inzi wazima walijaa kando ya vijito.

Mwaka 1946, katika bonde la Kodera, watafiti P. C. C. Garnham na J. P. McMahon walianza kumwaga DDT, dawa ya kuua wadudu, mtoni pasipo kujua mabuu hayo yalikaa wapi, na inzi wakatoweka. Jibu la fumbo lilikuja mwaka 1950, wakati mtafiti wa samaki V. D. van Someren, pamoja na McMahon huyo huyo, walipotangaza kwamba mabuu hayo huishi juu ya kaa wa mtoni, yakijishikiza kwenye magamba yao bila kuwadhuru na kuchuja chakula katika maji yanayopita. Kaa yule aliyekuwa akiondolewa njiani ili jiwe lipekuliwe ndiye aliyekuwa nyumba. Katikati ya miaka ya 1950 kazi ya kumwaga dawa katika maeneo hayo ilikuwa imekamilika, na maambukizi ya usubi magharibi mwa Kenya yakakoma. Nchini Tanzania, ambako ndugu yake Simulium woodi hukaa vivyo hivyo juu ya kaa katika vijito vya Amani, Usambara Mashariki, ugonjwa ulibaki kwa miongo mingi zaidi.

Tukio hili linastahili uzito kuliko linavyopewa katika vitabu vya ekolojia ya mito. Simulium neavei huhitaji kijito chenye kivuli cha msitu, maji yanayokimbia na kaa wengi. Kwa kipimo chochote cha ekolojia, mahali pake ni mahali pazima, na ukataji wa misitu ulimwondoa katika sehemu ambazo dawa haikufika. Afya ya kijito na afya ya mtu aliyekaa kando yake hazikwenda pamoja. Watu walioepushwa na upofu hawakukosea kuichagua dawa, na hakuna mwanaekolojia mwenye haki ya kuwalaumu, lakini DDT haichagui mdudu wa kuua, na kigezo cha mafanikio kilikuwa kimoja tu, kutoweka kwa inzi. Hasara waliyoipata wakazi wengine wa chini ya mawe haikuwa na safu katika jedwali.

Fahirisi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya mito ya Afrika ilitoka kusini. Uchunguzi mpana wa Mto Great Berg, ambao Arthur Harrison na wenzake waliufanya katika miaka ya 1950, uliweka msingi wa kuwajua wadudu wa Cape, na mwaka 1972 F. M. Chutter alichapisha fahirisi ya ubora wa maji ya vijito vya Afrika Kusini. Yeye mwenyewe aliirahisisha katika miaka ya 1990, akitumia familia na alama kwa mfano wa Waingereza, na toleo la 5 la mfumo huo, unaojulikana kwa kifupi SASS, lilitolewa na Dickens na Graham mwaka 2002. Utaratibu wake ni mwepesi kiasi cha kufanywa ukingoni bila maabara. Mkaguzi husimama mtoni akiwa na wavu wenye fremu ya mraba ya sentimita 30 na matundu ya milimita 1, hutikisa mawe kwa miguu huku wavu ukikinga upande maji yanakoelekea, kisha hupitisha wavu katika majani ya ukingoni, na mwisho katika changarawe, mchanga na tope. Wanyama humwagwa kwenye sinia jeupe, hutambuliwa wakiwa hai kwa muda usiozidi dakika 15 kwa kila aina ya makazi, na hurudishwa majini. Minyoo hupata alama 1, funza wekundu 2, mabuu ya inzi weusi 5, tunutu wa familia ya Perlidae 12, na familia chache zinazoishi kwenye maji safi ya kasi tu hupata 15. Familia ya Baetidae, ya wale wadudu wa Efemeroptera, hupewa alama 4 ikiwa imeonekana spishi moja, 6 zikiwa mbili, na 12 zikizidi mbili, kwa sababu spishi moja inaweza kuvumilia uchafu lakini kukaa pamoja kwa nyingi ni dalili njema.

Chombo hiki kilivuka mipaka upesi, na matatizo yake yalivuka pamoja nacho. Plekoptera, waliokaa kileleni mwa jedwali la Trent, wana familia na spishi nyingi katika Ulaya, lakini katika Afrika ya tropiki karibu wote ni wa jenasi moja, Neoperla. Jedwali la Woodiwiss lilitoa alama 10 pale tu ambapo spishi zaidi ya moja za oda hiyo zilionekana. Kijito kisichoguswa ndani ya msitu wa milimani, chenye spishi moja ya Neoperla, kisingeweza kuvuka 9 hata kingekuwa safi namna gani. Kaa naye ana alama 3 katika SASS, kwa kuwa huvumilia mengi, na alama hiyo si kosa kama swali ni ubora wa maji peke yake. Lakini mwaka 2002 Michael Dobson na watafiti wenzake, walipochunguza vijito vya nyanda za juu za Kenya, walikuta kwamba wadudu wanaokatakata majani yaliyoanguka, ambao katika vijito vya Ulaya ndio wanaofungua mlango wa chakula kwa wengine wote, walikuwa wachache mno, na wakaelekeza macho kwa kaa, ambao uzito wao wote kwa pamoja unaweza kuzidi ule wa wadudu wote. Watafiti wengine, hasa Frank Masese na wenzake mwaka 2014, walionyesha kwamba wakata majani ni wengi kuliko ilivyodhaniwa mradi msitu wa ukingoni upo, na mjadala huo umesaidia kueleza kwa nini kukata miti ya kando hukiumiza kijito hata pale maji yake yanapobaki maangavu. Kanuni ya Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, inapata hoja yake ya ndani kabisa hapa: anayelima mpaka majini hukiondolea kijito meza yake.

Kazi ya kujenga vipimo vya nyumbani ilianza kuzaa matunda katika miaka ya 2000. Mwaka 2009 Phillip Raburu, Masese na wenzao walichapisha fahirisi za wanyama wadogo kwa ajili ya Mto Moiben na kwa mito ya sehemu za juu za bonde la Ziwa Victoria upande wa Kenya. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, ikifuata wazo lililokuwamo katika sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1998, ilitambua akiba ya maji inayopaswa kubaki mtoni kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe, na akiba haiwezi kukadiriwa bila kujua uhai huo uko katika hali gani. Mwaka 2015 Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Jenny Day na Helen Dallas wa Afrika Kusini, walitoa mfumo wa alama za mito ya Tanzania, TARISS. Walichukua SASS na kuijaribu kwa mnyama mmoja mmoja wa mito ya Tanzania, wakiongeza makundi yasiyokuwamo, wakiondoa yasiyopatikana, na kurekebisha alama za waliokuwa na tabia tofauti na ndugu zao wa kusini. Kazi ya namna hii haina mng'ao wa ugunduzi. Ni ya kupanda na kushuka kingo za mito kwa misimu mingi, kumtazama mnyama yule yule penye maji safi na penye maji machafu, na kubadili namba moja kutoka 8 kuwa 7. Bila hiyo, ripoti ya mkaguzi wa bonde huwa inaeleza mto wa nchi nyingine.

Swali gumu kuliko yote linasubiri katika Mto Mara, unaotoka msitu wa Mau nchini Kenya, ukapita Maasai Mara na Serengeti kabla ya kuingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Katika sehemu yake ya Kenya huishi viboko zaidi ya 4,000, wanaolisha nchi kavu usiku na kushinda majini mchana, na watafiti wamekadiria kwamba huingiza mtoni takriban tani 36 za kinyesi kila siku. Mwaka 2018 Christopher Dutton na wenzake walieleza kwamba wakati maji ni machache kinyesi hicho hujilimbika katika vilindi mpaka oksijeni inakwisha chini yake, na mafuriko yanapokuja kuvisukuma vilindi hivyo, maji yasiyo na hewa huteremka na kuua samaki. Kwa daftari la Kolkwitz na Marsson huo ni mto wa polisaprobi, wenye dalili zote za mji mkubwa uliofungulia mifereji yake, lakini viboko walikuwamo humo kabla ya mji wowote. Wakati huo huo, katika vijito vya juu, misitu imekatwa na maji yanachotwa kwa kilimo, kwa hiyo maji ya vilindi vya kiangazi huzidi kupungua na kuwa mazito, na mzigo wa mnyama hauwezi tena kutenganishwa kwa urahisi na mzigo wa mwanadamu. Atakayetaka kuuwekea Mto Mara fahirisi atalazimika kwanza kusema mto uliojaa viboko, wenye maji ya kutosha na msitu uliosimama, ulifanana na nini. Mfano wake hauwezi kutafutwa Berlin wala katika bonde la Trent. Sehemu ya jibu bado imo katika tope la vilindi hivyo, miongoni mwa minyoo na funza wekundu ambao hawajahesabiwa vya kutosha.